Alikwenda Kutafuta Kupe

Ukisoma bayolojia katika chuo kikuu hapa Kenya, kuna swali litakufuata hadi sherehe ya mahafali, kama utafika. Shangazi atakuuliza kwenye harusi. Kinyozi atakuuliza akikunyoa. Jirani wa ploti atakuuliza huku anaanika nguo. "Sasa hiyo utafanya kazi gani?" Ukisema unasomea udaktari, mazungumzo yanaisha kwa furaha. Ukisema uhandisi, wanaitikia kwa kichwa. Ukisema sayansi za viumbe kunakuwa na kimya kidogo, halafu mtu mwenye huruma anakusaidia: "Ahaa, utakuwa mwalimu."

Nililisikia swali hilo kwa miaka miwili, yaani muda wote niliosoma kozi hiyo kabla ya karo kunishinda nikatoka. Chuo sikitaji. Ila swali lenyewe sijaliacha, kwa sababu naona lina jibu zuri katika historia yetu wenyewe, na jibu hilo limefichwa nyuma ya picha moja maarufu.

Picha ni ile ya Profesa Wangari Maathai ameinama, kitambaa kichwani, anashindilia udongo kwenye shina la mche. Kila mtoto wa shule anaijua. Tumemjua mama wa miti, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, mtu aliyepigania Uhuru Park na msitu wa Karura. Hilo jina la "Profesa" tunalitamka kama heshima tu, kama vile mtu anavyoitwa "Mheshimiwa". Kwani alikuwa profesa wa nini? Waulize watu kumi. Wengi watakuambia misitu, ama siasa. Alikuwa profesa wa anatomia ya wanyama. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yake ilikuwa kuchungulia hadubini na kufundisha wanafunzi wanaosomea udaktari wa mifugo jinsi mwili wa ng'ombe ulivyojengwa. Na wazo la miti halikumjia kanisani wala katika mkutano wa chama. Kwa sehemu kubwa lilimjia siku alizokwenda mashambani kutafuta kupe.

Lakini hebu tuanze mwanzo.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 huko Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo, na karibu na mugumo huo kulikuwa na kijito. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa sababu huo ni mti wa Mungu, haukatwi wala hauchomwi. Mtoto akabaki kucheza kijitoni. Aliyaona mayai ya chura yakiwa yameshikamana kama shanga, akajaribu kuyainua avae shingoni, yakavunjika mkononi. Baadaye akaona viluwiluwi, kisha vikapotea, pakawa na vyura. Hakuna aliyemweleza kwamba vitu hivyo vitatu ni kiumbe kimoja. Maelezo aliyapata alipokwenda shule.

Shule nayo aliipata kwa sababu kaka yake, Nderitu, aliuliza nyumbani kwa nini yeye haendi. Alianza akiwa na miaka minane. Akiwa na kumi na mmoja alipelekwa St. Cecilia's, shule ya bweni ya misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri, kisha Loreto High School, Limuru, ambako alimaliza mwaka wa 1959.

Sasa fikiria msichana wa Kiafrika aliyemaliza sekondari mwaka huo anapenda sayansi. Aende wapi? Nairobi ilikuwa na Royal Technical College, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka wa 1956. Chuo kikuu cha maana kwa watu wa Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, Uganda, na nafasi zake zilikuwa chache mno. Wasichana wengi waliofika mbali kimasomo walitarajiwa kuwa walimu ama wauguzi. Kilichobadilisha maisha ya Wangari ni ndege. Tom Mboya na wenzake walikuwa wameanza kutafuta ufadhili wa kuwapeleka vijana Marekani, na Septemba 1960, kwa msaada wa wakfu wa familia ya Kennedy, kundi la wanafunzi karibu mia tatu likaondoka. Wangari alikuwa mmoja wao.

Alifikia Atchison, mji mdogo wa Kansas, katika Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana kilichoendeshwa na watawa wa Kibenediktini. Alichagua bayolojia kuwa somo kuu, akaongeza kemia na Kijerumani. Kumbuka hicho Kijerumani. Alihitimu mwaka wa 1964, akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kusomea shahada ya uzamili katika sayansi za viumbe. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza raia wakidai hewa ya mji wao isafishwe.

Utafiti wake wa uzamili ulihusu tezi ya pineali ya kware wa Kijapani. Ndiyo, kware wale wale ambao Wakenya walifuga kwa pupa mwaka wa 2013 na 2014 wakiamini mayai yake yatawatajirisha. Tezi ya pineali ni kidude kidogo sana ndani ya ubongo kinachohusika na jinsi mwili unavyotambua mchana na usiku. Sasa mpelekee shangazi habari hiyo. "Umeenda Marekani miaka mitano kusoma kidude kwenye ubongo wa kware?" Ndivyo bayolojia ya chuo kikuu ilivyo. Inakuomba uangalie kitu kimoja kidogo kwa muda mrefu, kwa mpangilio, na usiseme umeona kitu ambacho hujakiona. Faida yake haionekani siku hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1966 alirudi nyumbani. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka miwili, na chuo cha Nairobi kilikuwa sasa kimoja kati ya vitatu vilivyounda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Mkononi alikuwa na barua ya kazi: msaidizi wa utafiti wa profesa wa zuolojia. Alipofika ofisini akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Barua ilikuwa halali, tarehe ilikuwa sawa, na mtu alikuwa amevuka bahari kwa sababu ya hiyo barua. Katika kitabu chake cha maisha, Unbowed, kilichotoka mwaka wa 2006, anaeleza kwamba aliamini alinyimwa kwa mambo mawili: kabila lake na kuwa mwanamke.

Ukiwa kijana Mkenya unayetafuta kazi leo, hapo hauhitaji kuelezewa zaidi.

Hiki ni kisa cha mwaka wa 1966, lakini mizizi yake ni mirefu kuliko hapo. Wakati wa ukoloni sayansi za viumbe zilifanywa sana katika nchi hii. Ndege walikusanywa, mimea ikakaushwa na kupelekwa Kew, wadudu wakachomwa pini na kupelekwa London. Mwafrika alikuwepo katika kazi hiyo kila siku. Yeye ndiye aliyejua nyoka anaishi wapi, yeye ndiye aliyepanda mti kushusha ua, yeye ndiye aliyebeba sanduku. Jina lililoandikwa kwenye kibandiko likawa la mtu mwingine. Kwa hiyo chuo kilipoanza kuajiri Waafrika, nafasi ya mtafiti haikuwa kibarua tu. Mtu aliyeipata alikuwa anapewa ruhusa ya kuangalia na kuandika jina lake chini ya alichokiona. Watu waliigombania kwa sababu walijua uzito wake, na wengine waliamini uzito huo haukustahili kubebwa na mwanamke.

Hata mahali penyewe pana historia. Kampasi ya Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia bayolojia na anatomia ya wanyama hadi leo, zamani ilikuwa makao ya mlowezi Ewart Grogan. Mwaka wa 1907 Grogan aliwaongoza walowezi wenzake kuwacharaza viboko Waafrika watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Nyumba yake bado imesimama humo kampasini. Wanafunzi wanaokimbilia somo la saa mbili asubuhi wanaipita bila kugeuka.

Kilichomwokoa Wangari ni bahati, pamoja na lile somo la ziada la Kansas. Mjerumani mmoja, Profesa Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa Nairobi akianzisha idara ya anatomia katika kitivo cha udaktari wa mifugo. Alihitaji msaidizi wa maabara anayejua kuandaa tishu kwa hadubini. Wangari alijua kazi hiyo kutoka Pittsburgh, akaajiriwa. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendelea na utafiti wa uzamifu. Alirudi mwaka wa 1969 akawa mhadhiri msaidizi, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya uzamifu kutoka Nairobi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata.

Naomba uvumilie hapa nieleze kidogo alikuwa akifanya nini, kwa sababu nadhani ndipo siri ilipo.

Kazi ya kuandaa tishu ni hivi. Unachukua kipande kidogo cha kiungo, unakihifadhi kwa dawa kisioze, unakizamisha ndani ya nta mpaka nta iganda. Kisha kwa mashine maalumu unakikata vipande vyembamba kuliko unywele. Unavibandika kwenye kioo, unavitia rangi, kwa kawaida mbili: zambarau kwa viini vya seli na waridi kwa sehemu zilizobaki. Hapo ndipo unaweka chini ya hadubini. Ukikosea hatua moja unaanza upya.

Tasnifu yake ilihusu jinsi tezi za uzazi zinavyoumbika katika kiinitete cha ng'ombe. Mwanzoni kabisa tezi hizo zinafanana, huwezi kujua kama zitakuwa za dume ama jike. Baadaye zinaachana njia. Mtafiti hawezi kukaa ndani ya tumbo la ng'ombe akitazama. Anachofanya ni kukusanya viinitete vya umri tofauti, anavikata, anavipanga kuanzia kichanga zaidi hadi kikubwa zaidi, kisha anauliza: mabadiliko yalianzia wapi? Kabla ya hapa palikuwaje? Ni kitu gani kilitangulia kingine? Ni mayai ya chura, kiluwiluwi na chura tena, ila kwa lugha ya maabara.

Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka mitano hawezi kuangalia jambo lolote kama kwamba limekuwa hivyo tangu zamani. Anatafuta hatua zilizotangulia. Hiyo ndiyo kazi ambayo akili yake ilikuwa imezoea, siku alipopewa kupe.

Miaka ya mwanzo ya sabini, Kenya ilikuwa inataka maziwa. Wakulima wadogo walikuwa wameanza kufuga ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wanaotoa maziwa mengi. Tatizo lilikuwa ugonjwa unaoitwa ndigana kali, ama kwa Kiingereza homa ya pwani ya mashariki. Ng'ombe wa kienyeji waliozaliwa mahali penye ugonjwa huo wengi walistahimili. Wa gredi walikufa. Ugonjwa unaletwa na kimelea kinachoitwa Theileria parva, na anayekibeba ni kupe wa kahawia anayependa kujishikiza ndani ya sikio la ng'ombe. Kupe mchanga hunyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, anadondoka, anajibadili umbo nyasini, kisha anapanda ng'ombe mwingine na kumwachia kimelea kupitia mate yake. Kikishaingia, kimelea kinazivamia seli za kinga na kuzifanya zigawanyike ovyo, karibu kama saratani. Tezi za ng'ombe zinavimba, anapata homa, anakosa pumzi.

Wangari akaanza kutafiti mzunguko wa maisha wa kimelea hicho. Ili kupata kupe ilimbidi atoke Nairobi, aende mashambani, ashike ng'ombe wa watu na kuwatazama masikioni.

Huko nje aliona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango wa utafiti. Mvua ikinyesha, mito ilishuka ikiwa na rangi ya kahawia kwa udongo wa juu uliokombwa milimani. Ng'ombe aliowashika walikuwa wamekonda, mbavu zinahesabika, kwa sababu nyasi zilikuwa haba. Watu wenyewe hawakuonekana wenye afya, na mashamba yao yalikuwa yamechoka. Alipokwenda kwao Nyeri akaona vivyo hivyo. Msitu aliouacha ulikuwa umepungua, mahali pake pamepandwa chai, kahawa na misonobari ya biashara. Ule mugumo ulikuwa umekatwa na mwenye shamba aliyetaka nafasi ya kupanda mazao. Na kijito kilikuwa kimekauka. Hakuna vyura.

Mwanafunzi anayesoma ili apite mtihani angerudi Nairobi na kupe wake kwenye chupa. Wangari alirudi na kupe, lakini pia alianza kupanga aliyoyaona, kama alivyopanga vile vipande vya kioo. Mugumo una mizizi inayokwenda chini sana, inapenya kwenye mwamba na kuyafungulia maji njia ya kupanda juu. Ukiukata, chemchemi inadhoofika. Ukifyeka kilima, hakuna kinachoshika udongo. Udongo ukienda, nyasi zinakwenda, na ng'ombe anakonda. Akafikia wazo ambalo kwa mtafiti wa ndigana kali lilikuwa karibu la uasi: kwamba ng'ombe wa mkulima wa Kenya ana adui mkubwa kuliko kupe. Unaweza ukamwangamiza kupe kabisa, na bado ng'ombe akafa njaa kando ya mto uliojaa tope.

Hapo ndipo nalijibu swali la shangazi. Bayolojia ilimpa mtu huyu macho. Watu wengine wengi walipita barabara zile zile, kwenye mvua ile ile, wakaona mto mchafu. Yeye aliona hatua ya mwisho ya jambo lililoanza mbali, na akajua pa kwenda kuutafuta mwanzo wake.

Wakati huo huo alikuwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Wanawake wa vijijini, katika maandalizi ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1975 kule Mexico, walieleza shida zao: hawana kuni, hawana maji safi, chakula chenye lishe kimepungua. Kwa msikilizaji wa kawaida hizo ni shida tatu. Kwake zilikuwa moja, na alikuwa ameshaiona akitafuta kupe. Akapendekeza wapande miti. Jaribio lake la kwanza, kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, lilianguka kwa kukosa pesa na maji. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake waliandamana kutoka jumba la KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba kwa kumbukumbu ya viongozi saba wa jamii mbalimbali. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement.

Mbinu zao nazo zilinukia maabara. Maafisa wa misitu hawakuamini kwamba mama asiyesoma anaweza kuotesha mche, kwa kuwa wao walikuwa wamesomea miaka na kupewa diploma. Wangari akawaambia wanawake watumie wanachokijua: wakusanye mbegu kutoka miti ya kwao, waoteshe kwenye vyungu vilivyopasuka, waviweke juu kuku asifike, wachunguze ipi inaota na ipi inakataa. Aliwaita wataalamu wa misitu wasio na diploma. Malipo yao, ambayo yalikuwa pesa kidogo sana, yalitolewa kwa mche ulioshika tu. Mche uliopandwa siku ya picha na kukauka kesho yake haukuhesabiwa. Tungekuwa na kanuni hiyo katika kampeni zetu za kupanda miti leo, ambazo huhesabu miche iliyotolewa kwenye lori, hesabu zingine zingetuaibisha.

Na chuo kikuu chenyewe? Chuo kilimpandisha cheo, hilo tuseme ukweli. Mwaka wa 1976 alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya wanyama, mwaka wa 1977 akawa profesa mshiriki, na katika vyeo vyote viwili alikuwa mwanamke wa kwanza. Ila hakukipata kirahisi. Wahadhiri wa kike walioolewa hawakupewa marupurupu ya nyumba na mengineyo sawa na wenzao wa kiume, kwa hoja kwamba mume ndiye mwenye kupewa nyumba. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa kemia ya viumbe, walipigania jambo hilo hadi wakaonekana wasumbufu. Walilipwa kama nusu mtu kwa kazi ya mtu mzima, na wakakataa.

Mwaka wa 1982 akaamua kugombea ubunge katika uchaguzi mdogo kwao Nyeri. Sheria ilimtaka ajiuzulu chuoni kwanza, akajiuzulu. Kisha akazuiwa kugombea, kwa hoja kwamba hakuwa amejiandikisha kama mpiga kura inavyotakiwa. Akaenda mahakamani, akashindwa. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, muda mfupi tu baada ya kuiacha, akaambiwa nafasi imeshajazwa. Rais wa nchi wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Akatakiwa pia atoke kwenye nyumba ya chuo.

Kwa hiyo mlango ule ulimfungwa mara mbili, 1966 na 1982, na mara zote kwa maneno yale yale: nafasi imepata mtu. Mara ya kwanza alizunguka akaingia kwa mlango wa jirani. Mara ya pili hakurudi tena, na kazi ambayo ilikuwa ya pembeni ikawa ya wakati wote.

Hapa kuna watu husema aliacha sayansi akaingia harakati. Mimi sioni alipoiacha. Aliposimama mbele ya Uhuru Park mwaka wa 1989, na alipopigwa Karura Januari 1999 akijaribu kupanda mche, hoja yake kuhusu misitu ilikuwa ya mtu aliyefundishwa kufuata chanzo hadi matokeo: msitu huu ni chanzo cha maji ya watu, ukiugawa viwanja utakuja kuuliza mto umeenda wapi. Wanasiasa walimjibu kwa matusi kuhusu ndoa yake. Hakuna aliyemjibu kuhusu mto.

Usidhani njia pekee ya mwanabayolojia ni kutoka nje ya taasisi. Katika miaka ile ile, Nairobi hiyo hiyo, kulikuwa na Thomas Odhiambo. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931, akasoma Maseno na Makerere, kisha Cambridge, ambako alisomea wadudu chini ya Vincent Wigglesworth, mmoja wa wataalamu wakubwa wa fani hiyo. Alirudi mwaka wa 1965 akafundisha zuolojia. Mwaka wa 1967 aliandika katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, akitaka sayansi ya kina ifanyike hapa hapa. Mwaka wa 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu. Makao yake ya leo, Kasarani, yanaitwa Duduville. Jina hilo hunifurahisha kila ninapopita Thika Road.

Miongoni mwa viumbe walioanza kuchunguzwa ICIPE alikuwamo kupe. Miaka ya tisini watafiti wa kituo hicho, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, waliwapa wakulima wa Magharibi na Nyanza mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu inamfukuza nondo wa kiwavi anayetoboa bua, nepia inamvuta akatage huko, na mizizi ya desmodiamu inalizuia gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Hakuna dawa ya kununua. Mbinu hiyo haikutoka kwa mtu aliyekariri majina ya Kilatini. Ilitoka kwa watu waliokaa shambani wakitazama nondo anapenda kutua wapi.

Odhiambo alijenga taasisi, Maathai akafukuzwa kwenye taasisi. Wote wawili walifika pale pale, kwa sababu wote walitoka nje kwenda kuangalia.

Hili ndilo linalonikera kuhusu tunavyofundisha kozi hii sasa. Chuoni kwetu hadubini moja tuliitumia watu wanane. Safari ya mashambani ilikuwa kwenye ratiba mwaka wa kwanza, ikaahirishwa, na mwaka wa pili ikageuzwa kuwa nakala za kusoma. Tulijifunza mzunguko wa maisha ya kupe kwa mchoro wa mishale, tukauchora kwenye mtihani, tukapata alama. Hatukuwahi kumshika kupe. Wengi tuliokuwa darasani tulipangiwa kozi hiyo kwa kukosa pointi za udaktari, na kwa hiyo tuliisoma kama watu waliokaa kwenye chumba cha kungojea. Ukisoma bayolojia namna hiyo, shangazi ana haki kuuliza.

Pesa za safari ya mashambani ndizo hukatwa kwanza bajeti ikibana, kwa sababu huonekana kama matembezi. Lakini ukikata hizo, umebaki na nini? Umebaki na maneno magumu ambayo simu ya mwanafunzi inayajua tayari. Kinachomfaa mtu ni kufundishwa kuangalia kitu kwa subira, kisha kupelekwa mahali ambapo kuna kitu cha kuangalia. Wakulima wetu bado wanapoteza ng'ombe kwa ndigana kali. Mito ya Aberdare bado inashuka na udongo. Kazi ipo, hata pale ambapo ajira haijatangazwa.

Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake, upande wa Kabete, katika kampasi ambako husomeshwa kilimo na mifugo. Ni heshima nzuri, na amestahili. Mimi ningeongeza kitu kimoja tu kidogo. Mwanafunzi yeyote wa bayolojia anayeingia mwaka wa kwanza, apewe chupa yenye kifuniko, apandishwe basi, aambiwe aende akatafute kupe. Jioni akirudi, asiulizwe amepata wangapi. Aulizwe ni nini kingine alichokiona njiani.